Kiondo cha Paka wa Chile

Mdogo wangu, dada tuliyefuatana naye, anatafuta paka huko Chile. Ndiyo kazi yake, na analipwa. Ati paka wenyewe wanaitwa guinya, paka wa mwituni, wadogo hata kuliko hawa wetu wa kukamata panya, wenye madoa meusi na mkia mnene wa pete pete. Wanaishi kwenye misitu ya mianzi ambako mvua haingoji msimu. Mwaka jana ndengu zetu hapa Mbumbuni zilikauka zikiwa bado na maua, na mimi nikamwonea paka wivu kwa mvua yake.

Mimi ndiye niliyebaki na Mama. Nachota maji, napalilia, nampeleka kliniki ya macho. Lakini mgeni akiingia kwetu, kabla hajakaa vizuri, Mama ameshamwambia habari za yule wa Chile. Nikileta chai naulizwa kama nimeona picha mpya ya paka. Wacha tu.

Siku moja Mama akasema atasuka kiondo chake cha mwisho, maana vidole vimekataa. Kwetu mama humsukia binti yake kiondo, na binti akikibeba sokoni watu wanajua ametoka kwa nani. Changu kilishatoboka kitako kwa kubeba mbegu. Nikajua hiki kipya ni changu. Nilimsaidia kusokota nyuzi za mkonge mpaka paja likawasha.

Alipomaliza kusuka kitako akasema, "Lete simu. Nifungulie yule paka."

Hapo nikaelewa kiondo ni cha yule wa Chile. Roho iliniuma, nikajikaza kisabuni. Macho ya Mama hayakuiweza ile picha, kwa hivyo mimi ndiye niliyemsomea paka mstari kwa mstari: hapa doa, ruka kidogo, doa lingine, hapa kahawia tupu. Ningempa milia ya punda milia, nani angejua? Lakini Mama akigundua kosa hufumua safu nzima, na vidole vile sikuweza kuvitesa. Nikasema ukweli wa kila doa, huku nimenuna. Mdomoni mwa kiondo akazungusha pete za mkia. Kilitoka kizuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Mdogo wangu alipiga simu ya video, akakiona, akalia. Ndipo akatuambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: tangu aende huko hajamwona guinya hata mmoja kwa macho yake. Picha zote hupigwa na kamera zilizofungwa mitini. Yeye akifika, paka ameshaenda. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Simu ilipokatika nikauliza, "Na mimi, Mama? Changu atanisukia nani?"

Alishangaa kabisa. "Kwani wewe unaenda wapi?" akasema. "Hiki ni cha mtu aliye mbali, asitusahau. Wewe si uko hapa?"

Akanyoosha mkono anishike bega. Akalikosa, akawa anapapasa hewa kando ya shingo yangu. Ningesogea kidogo tu angenigusa. Sikusogea. Nilikaa pale pale nikingoja anitafute.