Mchicha wa Shule

Mkulima mmoja wa bondeni watu walimwita Mama Matuta, maana hata siku ya harusi ya bintiye alionekana na udongo kwenye visigino. Miaka ishirini na miwili alilima mchicha na dada yake mkubwa, wakinyweshea maji ya kijito. Upande wa juu zamani palikuwa na mashamba ya mahindi tu. Sasa palikuwa na maghorofa manane, la tisa likipigwa zege.

Jumatatu moja asubuhi alichota ndoo ya kwanza, akasita. Maji yalikuwa na povu la kijivu na harufu ya kuchoma macho. Akafuata kijito kwenda juu, akakuta bomba jipya kutoka kwenye maghorofa limechomoza ukingoni, linatema uchafu wa vyooni.

Alirudi mbio. Dada yake alikuwa amekwisha kufunga mafungu sitini ya mchicha wa shule ya msingi, yamepangwa juu ya turubai, yanachuruzika maji.

"Umeyaosha wapi?"

"Kijitoni. Kwani siku zote tunaosha wapi?"

"Dada, hayo ni maji ya choo!"

"Shh! Gari hilo linakuja."

Pikapu ilisimama. Mpishi wa shule, mteja wao wa miaka tisa, akateremka. Dada akamkanyaga mdogo wake mguu huku akimchekea mgeni. Mpishi akainama, akashika fungu la kwanza.

"Liache hapo," Mama Matuta akasema. Sauti ilimtoka kavu.

"Kuna nini, mama?"

"Msikilize huyo," dada akadakia. "Kaamka vibaya leo."

"Njoo uone tulikoyaosha."

Alimpeleka mpaka kwenye bomba. Mpishi akaziba pua, akatazama kwa muda mrefu, akarudi garini mikono mitupu. Alipowasha gari akachungulia dirishani. "Na yale ya wiki iliyopita?"

"Sijui."

Hakujua kweli, na hilo lilimnyima raha. Wiki nzima alisimama njiani akiwauliza watoto wenye sare kama matumbo yao ni mazima. Walimcheka, wakakimbia. Bwana afya alikuja, akapiga picha, akaenda zake. Bomba liliendelea kutema. Dada alimwambia, "Umetukata mikono," kisha akamnunia.

Mama Matuta aling'oa mchicha wote peke yake, tuta baada ya tuta, akapanda ukoka, zile nyasi fupi ambazo wenye maghorofa walizitafuta kwa ajili ya nyua zao. Mvua zilipokwisha, zulia la kijani lilikuwa limefunika bonde.

Ndipo dada akatokea, mikono kiunoni.

"Maisha yote tunang'oa nyasi, leo unazipalilia?"

"Hizi haziliwi na mtu."

 Dada akauliza panga liko wapi.

Walikata vipande vya ukoka vya kuuza mpaka jua la utosini, kila mmoja na mstari wake, bila maneno mengi. Kiu ilipowabana, Mama Matuta alibeba dumu, akapanda kwa mlinzi wa ghorofa kuomba maji ya kunywa.