Chumba Ambacho Mashine Ilikiona

Nyumba ya kwanza yenye etaje, gorofa ya juu, katika mutaa wetu, hapa Alunguli, njo mimi niliisimamisha. Masomo yangu yaliishia shule ya primere, lakini waliosoma wanapanga kwangu. Matofali nilichoma mwenyewe, mabati yalishuka kwenye gare ya treni kwa jina langu. Juu ya kujenga, mutu asinifundishe.

Hata hivyo ukuta wa nyuma ulipasuka. Nikaita injeniere, musichana aliyesoma Lubumbashi. Akabandika vidude vya kupima ukutani, akazunguka kila chumba na mashine ya picha, akanielezea kwamba ndani ya ordinatere, kompyuta yake, atazaliwa pacha wa nyumba: ukuta wa huku ukisogea, wa mule ndani nao unasogea. Nilicheka. Nyumba izae pacha bila mimba?

Halafu akanionyesha picha ya huyo pacha. Kati ya chumba chetu na depo kulikuwa na nafasi nyeusi, nyembamba kama kaburi.

"Papa, hapa iko nini? Vipimo vya ndani na vya inje havilingani."

Nikaifunika ile picha na kiganja. Wakati wa vita, kabla ya kupandisha etaje, nilijenga ukuta wa pili pale, nikaacha upana wa mutu aliyesimama. Bibi yangu, niliyemuoa, alisimama humo na mutoto wetu kifuani, titi mudomoni asilie, wenye bunduki wakigongagonga matofali. Tangu siku ile tulijua sisi wawili tu. Hata mutoto mwenyewe hatukumwambia.

Injeniere akasema ukuta ule hauna musingi, etaje inaulemea, unashuka na kupasua ule wa nyuma. Tujaze nafasi yote beto ya simenti, ama tuondoe uzito wa juu. Nikamwomba kwanza aifute kwenye mashine. Akakataa: pacha akifichwa kitu, atatudanganya siku nyumba inaanguka.

Bibi yangu alikuwa amesimama mulangoni.

"Baba," akasema, "ukijaza beto, siku wakirudi utaniweka wapi?"

Watu wanasema vita iliisha. Lakini pikipiki tusiyoijua ikisimama mbele ya nyumba, sisi wawili tunaangaliana.

Nikahamisha wapangaji, nikabomoa etaje yangu. Majirani walisema kiburi kilipanda, sasa kimeshuka. Waseme. Siku hizi injeniere ananipigia kuniambia ukuta umetulia. Mimi namuuliza tu kama kuna mutu mwingine aliyefungua ile picha.

"Mimi peke yangu, Papa."

Kesho yake namuuliza tena.