Kigari Kilichoungwa Katikati

Walimwita Jicho, na jina hilo hakulipata kwa mzaha. Ungeweza kumletea gari lililogongwa likanyooshwa, likapakwa rangi mpaka mwenyewe akasahau kwamba liligongwa, yeye angeinama, afumbe jicho moja, aguse mlango kwa ncha ya kidole na kusema, "Hapa paliingia." Alikuwa fundi wa bodi za magari, mwembamba, amepita hamsini, mikono imejaa vidoa vyeupe vya makovu ya cheche. Mkewe alikuwa mshonaji. Alizoea kusema kwamba kazi yao ni moja, ila vitambaa vya mumewe ndivyo vinavyopiga kelele.

Kwa miaka sita Jicho alifanya kazi katika yadi ya mtu aliyeitwa Bosi Tabasamu, kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga. Yadi hiyo iliuza magari madogo, na wanunuzi walikuwa vijana walioanza kazi juzi. Vigari vilifika vimechoka, rangi ya majivu. Vilitoka vimerembwa kama bibi harusi. Vingine vya waridi, vingine vya samawati, paa jeusi, rimu zinazometa, redio yenye taa za kuchezacheza. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa: PATA GARI KABLA HUJAPATA MCHUMBA. Vijana walipiga picha hapo hata kabla ya kuuliza kama breki zinashika.

Siku moja lori lilishusha magari mawili ya aina moja. La kwanza lilikuwa limepondeka mbele, la pili nyuma. Bosi Tabasamu aliyazunguka mara mbili, mikono mfukoni.

"Fundi, wewe unaona nini hapa?"

"Vyuma chakavu, bosi. Viwili."

"Mimi naona gari moja zima."

Jicho alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona macho ya bosi hayacheki pamoja na mdomo wake.

"Bosi, gari si suruali, ukate hapa ushone pale. Likipata kishindo, litaachia."

"Sawa. Kuna fundi mwingine anangoja getini tangu asubuhi. Nimwite?"

Jicho alikuwa na binti mwaka wa mwisho chuoni, na kazi ya bodi mjini ilikuwa imekuwa haba. Akaenda kuchukua msumeno wa chuma.

Alikata magari yote mawili katikati, akaunganisha nusu nzima ya hili na nusu nzima ya lile. Alichomelea sakafu, vizingiti vya milango na nguzo za paa. Akapaka puti, ule ujiuji wa kuziba mabonde, akapiga msasa, akapaka tena, akapiga tena. Siku tisa. Kilichokuja kumuuma baadaye ni kwamba aliifanya kazi ile kwa ustadi wake wote. Kazi mbovu ingeonekana na kukataliwa. Yake ilikuwa safi, hata yeye alipofumba jicho moja hakuona mahali pa kuungia. Kigari kikapakwa rangi ya ndimu na kuuzwa ndani ya siku nne. Hakumwona mnunuzi. Alikuwa nyuma ya yadi, akasikia tu honi na watu wakipiga makofi.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake kama mpangaji asiyeondoka. Akisikia king'ora barabarani, nyundo ilisimama hewani. Redio ikitaja ajali, alisogea karibu, akasubiri watangaze rangi ya gari. Akipita barabarani alitazama kila kitu cha rangi ya ndimu, mpaka siku moja akaruka mfereji kumfuata mwanamke aliyevaa koti la mvua. Chakula kilimshinda. Mkewe alipomuuliza, alisema ni tumbo.

Miezi mitano ikapita, mvua zikaanza. Asubuhi moja, kigari cha rangi ya ndimu kikaingia getini polepole, kikasimama mbele yake.

Akashuka binti wa miaka kama ishirini na tatu, mwenye miwani na mkoba mkubwa uliojaa karatasi. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Juu ya dashibodi alikuwa amebandika michoro ya wanafunzi wake: jua lenye miguu, ng'ombe wa zambarau.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mvua ikinyesha, maji yanaingia nyuma, wanaokaa huko wanalowa miguu. Halafu nikipita tuta nasikia kitu kinalia, kama mtu anavunja kijiti."

"Kinalia mara moja au kila tuta?"

"Mwanzoni mara moja moja. Sasa kila tuta."

Jicho alilala chini kwenye saruji, akawasha tochi. Kwenye kizingiti cha mlango rangi ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele, ukielekea chini ya sakafu. Aliufuata kwa kidole. Haukuishia pale alipotaka uishie. Jasho likamtoka na huku mgongo wake uko kwenye saruji baridi.

Alimfuata bosi ofisini, akafunga mlango.

"Lile gari limerudi. Linaachia."

"Linavuja," bosi alimsahihisha. "Ziba. Paka silikoni, mpe na chai, aende zake."

"Bosi, mle ndani wanapanda watu."

"Ndiyo, si ni gari? Ulitaka wapande mbuzi?" Kisha akasogea, tabasamu liko palepale. "Halafu, fundi, usisahau. Mkono uliochomelea haukuwa wangu."

Jicho akarudi, akaziba. Silikoni ikapinda kama mwandiko wa mtoto. Binti alimaliza chai yake, akamsifu bosi kwa ukarimu, akaja kuchukua ufunguo.

"Baba, liko salama sasa? Kesho asubuhi nampeleka mama na wadogo zangu wawili kwenye mahafali ya kaka yetu, ng'ambo ya mlima. Nakaa pale jirani na chekechea yetu, nyumba yenye geti la kijani, kwa hiyo nataka niondoke mapema kabla malori hayajajaa."

Jicho aliijua barabara ile ya mlima. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa.

"Maji hayataingia tena," alisema.

Binti akashukuru, akapiga honi mara mbili, akaondoka.

Jioni ile Jicho alikaa karibu na cherehani ya mkewe, akamweleza yote. Mkewe aliacha kukanyaga cherehani.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza. "Mimi ndiye nitakayepanda hilo gari kesho?"

"Nikisema nitafungwa. Nisipofungwa nitafukuzwa kazi. Nisipofukuzwa nitapigwa na ndugu wa yule binti."

"Na usiposema?"

Alijaribu kumpigia karani wa yadi apate namba ya yule binti, maana iliandikwa kwenye daftari la ofisi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Alijaribu mara tatu. Kisha akatoka kwenda alikosikia kuna chekechea jirani na geti la kijani, akakuta geti ni la ghala la maji. Akarudi amelowa.

"Chekechea nyingine iko upande wa stendi ya zamani," mkewe alisema. "Niliwahi kuwashonea aproni. Usiku huu hupati usafiri wa kufika. Alfajiri uwe huko."

Kulipopambazuka alichukua pikipiki. Hakuwa mtu wa pikipiki; alimkumbatia dereva kiunoni kama ndugu aliyepotea akapatikana. Walipofika kwenye geti la kijani, lilikuwa wazi, na kwenye udongo wenye unyevu alama za matairi membamba zilikuwa mbichi. Jirani mmoja alikuwa akifagia.

"Mwalimu? Wameondoka sasa hivi tu. Walisema wanapita sheli ya juu kujaza upepo."

"Twende," Jicho akamwambia dereva. "Twende, twende!"

Barabara ya kwenda sheli ilikuwa na matuta manne. Kila walipolivuka moja, alilisikia kwenye meno yake mwenyewe. Alihesabu watu ndani ya lile gari: mmoja, wawili, watatu, wanne. Na mizigo. Uzito wote ule juu ya mstari aliouchora yeye. Alijiona amechelewa. Aliona kabisa, kama picha, rangi ya ndimu chini ya korongo, na alitaka kumwambia dereva arudi ili asifike akaona kweli.

Kigari kilikuwepo. Kilikuwa kimeshamaliza kujaza upepo, taa za nyuma zinawaka, kinaanza kusogea kuelekea barabarani. Jicho aliruka kabla pikipiki haijasimama, akakimbia, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

Breki zikalia. Ndani, mama wa makamo aliyekaa mbele akapiga kelele, "Mwizi!"

"Mama, subiri," binti alisema. "Huyu ndiye fundi wa jana." Akashusha kioo. "Baba, kuna nini?"

"Shukeni. Tafadhali, wote shukeni."

"Tunachelewa."

"Mwanangu, nakuomba. Washushe watoto kwanza."

Labda ni sauti yake, labda ni uso. Walishuka. Jicho alitoa sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu, akaiweka juu ya boneti. Ikanasa. Akaiweka kwenye nguzo kati ya milango. Ikateleza, ikaanguka chini. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka tena.

"Hapo si chuma," alisema. "Ni puti, unene wa kidole."

"Sielewi," binti alisema.

Jicho akaomba jeki kwa mhudumu wa sheli, akaipachika ubavuni, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, akaanza kuinua. Sehemu ya mbele ikapanda. Ya nyuma ikachelewa. Kitu kikalia kwa ndani, kama kijiti kinavunjwa, na chini ya zulia pakafunguka mwanya. Mdogo wa mwisho, msichana wa miaka minane, alichungulia mlangoni.

"Dada, naona chini," alisema. "Naona saruji pale nilipokuwa nimeweka miguu."

Mama alimvuta yule mtoto, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Nani amefanya hivi?" binti aliuliza.

"Mimi."

"Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Ulinitazama machoni, ukaniambia maji hayataingia."

Jicho alitaka kueleza kuhusu bosi, kuhusu fundi wa getini, kuhusu binti yake mwenyewe. Maneno yote yakaonekana madogo. Wakati huo watu walishakusanyika: wahudumu, madereva, vijana waliokuwa wakinunua vocha. Mmoja akamshika ukosi. Mwingine akaokota spana. Jicho alifumba macho yote mawili.

"Mwacheni!" Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa bado amemkumbatia mtoto. "Akifa huyu, nani atatuambia mengine yaliyofanyika huko? Mpelekeni polisi akiwa na mdomo wake."

Wakampeleka. Alilala mahabusu siku nne, akaandika maelezo kurasa saba, akachora mchoro kuonyesha kila sehemu alipokata. Kigari kilibebwa juu ya lori kama ushahidi, michoro ya watoto bado imebandikwa. Yadi ikafungwa mnyororo. Mahakamani Bosi Tabasamu alidai hajui lolote kuhusu kuchomelea, lakini karani aliyekuwa hapokei simu akaja na daftari lililoandikwa siku lori liliposhusha yale magari mawili. Bosi akafungwa miaka mitatu. Jicho akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Familia ya binti ilikosa mahafali, na binti akarudi kwenda kazini kwa miguu.

Hakumsamehe. Jicho alikwenda mara moja na mkewe kuomba radhi. Mama aliwapokea, binti alibaki chumbani. Baada ya hapo hakwenda tena. Akafungua kibanda cha mabati kando ya nyumba yake, akawa ananyoosha mabonde madogo tu. Kukata gari alikataa kabisa, hata kwa sababu halali.

Mwaka wa pili, Jumamosi moja, binti akaja. Alifuatana na mwalimu mwenzake, kijana aliyetaka kununua kigari cha samawati chenye paa jeupe, ambacho walikuwa wamepewa kwa majaribio. Hakusema shikamoo.

"Mkagulie," alisema. "Mwambie ukweli." Akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, mikono kifuani.

Jicho alilala chini ya gari karibu saa nzima. Alifunua mazulia, akagonga nguzo zote kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatoka, akaingia, akatoka, akaingia tena. Kijana akachoka kungoja.

"Vipi, mzee? Ni bovu?"

"Ni zima."

"Sasa mbona bado unakagua?"

Aliomba tochi yenye mwanga zaidi, akarudi chini kuangalia mara ya nne.