Saini ya Mpigaji Pasi

Kosa lilikuwa langu, nalisema mwenyewe kabla hajanisemea mtu. Nna kampuni ndogo ya kufua mashuka ya mahoteli, Mlandege, na wakati ule nilikuwa na watu tisa nnaowalipa. Mshahara wa kila mwezi huutoa mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Mwaka ule sikukuu iliangukia katikati ya mwezi, na hapa kwetu hakuna tajiri mwenye haya anayemwacha mfanyakazi wake aingie Idi mikono mitupu. Nikawalipa mapema, kama ilivyo ada. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja wakapokea mara mbili: mshahara wa mwezi uliopita na wa mwezi wenyewe.

Nilipokaa na simu kujaza ritani ya kodi ya mishahara, saumu imenikaba, nikaiingiza yote miwili kwenye mwezi mmoja. Kodi ikawaona wafuaji wangu ni mabosi! Watu wanaokatwa kidogo tu wakapandishwa daraja, ikaja pesa ya ajabu, nami nikailipa kutoka mfuko wa kampuni, maana mshahara wa sikukuu sikuthubutu kuugusa. Nilipokuja kugundua, Idi ishapita. Wala sikuogopa. Pesa ni yangu, na ofisi ya kodi wanajua ni yangu. Nitaandika barua, watarudisha. Ujinga wangu!

Tena nilikuwa naitaka kwa jambo moja tu. Masika mahoteli hulala, mashuka hayaji, na mimi huwalipa watu nusu mshahara mpaka wageni warudi, ili asiondoke mtu. Ile iliyozidi ilitosha kumweka mtu mmoja masika nzima. Na mtu mwenyewe nilimjua. Mashuka yakiwa machache wafuaji hujipigia pasi wenyewe, kwa hiyo wa kwanza kukosa kazi ni mpigaji pasi. Wangu alikuwa mwanamke wa Tumbatu, mtu mzima kuliko mimi, niliye naye tangu tukifulia kwenye mabeseni uani kwa mama. Pesa isiporudi, wanane nawaweza, wa tisa simwezi.

Mara ya kwanza ofisi ya kodi, bwana wa dirishani alinipokea kwa adabu zote. "Barua tumeipokea, Bi. Vuta subira." Mara ya pili mfumo uko chini. Mara ya tatu faili limepanda juu. Mara ya nne limeshuka, ila mwenye kutia saini yuko semina. Semina! Wallahi nilitamani nipitishe mkono dirishani nimvute ile tai yake. Mimi nikichelewa kulipa siku moja faini inakuja yenyewe. Haiendi semina, wala mfumo wake hauanguki. Lakini changu kikiwa kwao, ati nivute subira.

Mvua zikaanza. Nikamwita mpigaji pasi, nikamwambia apumzike kidogo. Kupumzika! Ndilo neno nililolitumia, na mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Akakunja kanga yake ya kazini taratibu, akaniuliza, "Nimeharibu wapi, mwanangu?" Nikamwambia hajaharibu kitu. Chumba cha kupanga hapa mjini hakukiweza tena, akaenda kukaa kwa dada yake Mkokotoni.

Ndipo ofisi wakaniita. Wanataka kila mfanyakazi aliyemo kwenye ile ritani atie saini kwamba mwezi ule hakulipwa mshahara mara mbili kwa kazi moja. Wanane wakatia siku hiyo hiyo. Wa tisa ilibidi nimfuate.

Nilimkuta anaanika dagaa. Mikono ile iliyokuwa ikinyoosha foronya mpaka unaona haya kuzilalia, imejaa magamba.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umenijia?"

Nikamweleza nikiwa nimeinamisha macho. Jamani, nishamtoa mtu kazini kwa sababu ya pesa hii, halafu namwendea nyumbani kwa watu anisaidie kuipata! Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alipangusa mikono, akaandika jina lake herufi moja moja, kisha akaniuliza, "Ikikubaliwa, narudi?"

"Inshallah," nikasema, na nilikusudia.

Masika ikaisha, mahoteli yakafunguka, ofisi kimya, na mfuko umekauka, wa tisa bado simwezi. Na mashuka yetu sasa yanatoka na makunyanzi. Gesti mbili zikahamia kwa mwenye mashine kubwa, nikawapunguza na wengine wawili. Nilikuwa nikilala na hasira, nikiamka nayo. Nimebaki na watu sita nilipoitwa tena dirishani.

"Hongera, Bi! Imekubaliwa," akasema yule bwana, anacheka kwa furaha. "Ila haitoki taslimu. Itapunguzwa kwenye kodi ya mishahara yako ya mbele."

"Mishahara ya nani?" Sauti ilinipanda mpaka foleni nzima ikageuka. "Watu sita wa mshahara mdogo, kodi yao ya mwezi haijazi kiganja! Hiyo mtanilipa kijiko kijiko mpaka lini?"

Hakukasirika. Akaliangalia faili, akafikiri kweli kweli, akataka kunisaidia. "Ukiajiri zaidi, Bi, itakwisha haraka."

Niliogopa nitakalolisema. Nilitoka nikaenda kwa miguu mpaka Forodhani, nikakaa juani, mtu mzima mimi, nalia kwa hasira mbele ya watu.

Siku ya pili akapiga simu mpigaji pasi. Kasikia kwa wenzake kwamba barua imekubaliwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mie nshaaga huku. Nije Jumamosi?"

Nikamwambia asije.