Durban 1998: Nilivyomnyima Espérance nafasi ya mpenzi jukwaani kwa sababu ya rangi yake

Wakuu, habari za humu. Hili nimekaa nalo zaidi ya miaka ishirini, leo nalitoa lilivyo, bila kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi Durban, nimepanga chumba mtaa wa Glenwood kwenye nyumba moja kuukuu, Watanzania na Wakongo humo humo. Sebuleni kulikuwa na deki ya video. Kila Jumapili mchana tunakodi filamu za mapenzi za zamani za Hollywood, zile nyeusi na nyeupe. Mwanaume kavaa kofia, mwanamke anang'aa uso mzima, wanaagana stesheni, na sisi watu wazima tunajifuta machozi.

Wanaume wa humu msijifanye wagumu, na nyie mmelia.

Espérance alikuwa Mkongo, mweusi kama mimi, msusi wa saluni mjini. Dada yake alipanga chumba cha pili kutoka changu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini filamu akishaiona mara mbili anazima sauti na kutuigizia yote kwa Kiswahili, mwanaume na mwanamke. Tulikuwa tunasahau kuangalia TV, tunamwangalia yeye.

Basi, wanafunzi wa Afrika Mashariki tukaamua kuandaa mchezo wa jukwaani wa mapenzi, mtindo ule ule. Mimi nikawa director. Hata wasio wanafunzi waliruhusiwa kushiriki.

Casting, yaani kuchagua waigizaji, tulifanyia pale pale sebuleni. Espérance alikuja na gauni la kuazima. Akasema maneno ya mwanamke anayeachwa. Jamaa mmoja ilibidi atoke nje kujifuta machozi.

Nafasi hiyo nikampa Wanja, mwanafunzi kutoka Kenya. Mweupe, mwembamba. Maneno yenyewe alikuwa anayasoma kama matangazo ya vifo redioni.

Espérance nikampa nafasi ya mfanyakazi wa ndani.

Akaniuliza, "Juu ya nini, kaka? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Ila star wa mapenzi ana muonekano wake. Si umeona kwenye filamu?"

Akaniangalia. "Ndiyo. Nimeona."

Wakuu, hapo nisimame kidogo. Katika filamu zote tulizokodi, watu wa rangi yetu walikuwa wanabeba sinia na kufungua milango. Na mimi, mweusi tii niliyekulia Tabora, nikaichukua casting ile ile nikaipandisha jukwaani kwa Kiswahili. Hakuna mzungu aliyenituma.

Alikubali. Show ikapigiwa makofi.

Miezi michache baadaye uso wake ukaanza kubadilika. Mwanzoni watu walimsifia, "Eish, Espe, unang'aa!" Na mimi nilimsifia. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Kumbe alikuwa anapaka mkorogo wa kujichubua, anachanganya mwenyewe. Ngozi ikaungua. Mashavu mekundu, mabaka meusi chini ya macho. Saluni wakamwondoa, eti anatisha wateja.

Asubuhi moja nikamfuata chumbani kwa dada yake. Alikuwa amejifunika kitambaa mpaka puani.

Nikamwambia, "Espe, nisamehe. Mimi ndiye niliyekufikisha hapa."

Akatikisa kichwa.

"Hapana, kaka. Filamu ziliniambia tangu nikiwa mutoto. Lakini ile siku, wakati nasema yale maneno, mi nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa unalia. Uliniona kabisa. Na bado ukasema hapana."



Mwaka uliofuata alihamia Cape Town, dada yake naye akamfuata. Niliulizia kwa Wakongo wengi, sikumpata tena.

Nilichojifunza ni hiki: anayechagua nani apendwe kwenye hadithi, anawaambia wote wanaotazama nani anastahili kupendwa. Zile filamu bado nazipenda, siwezi kuwadanganya. Ila nikiangalia na binti zangu, siku hizi nasimamisha na tunaongea.

Kama na wewe uliwahi kuambiwa huna sura ya kupendwa, au uliwahi kumwambia mwenzako kama mimi, andika hapa chini. Hata kunitukana ruksa.

Na Espe, kama unapitaga humu, sikuombi unijibu. Ile nafasi ilikuwa yako.