Chakula cha Jioni Baada ya Matanga

Rafiki yangu alinialika chakula miezi miwili baada ya sisi kumzika mama. Yeye msibani hakuja. Hakuja nyumbani kwangu Nyakato tulikoweka matanga, wala kijijini tulikozika. Alituma ujumbe wa pole kwenye simu, mwisho wake picha ya mshumaa. Sikumjibu.

Tulikuwa tumefahamiana zaidi ya miaka kumi na tano, tangu tulipopanga vyumba jirani Mabatini, mimi nikijifunza kushona, yeye akiwa karani. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza hakuwa na ndugu hapa mjini. Mama yangu ndiye aliyesafiri kutoka kijijini, akamkanda kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto mwezi mzima. Naye alimwita mama, kama mimi.

Kwa hiyo aliponialika nilikubali upesi. Mgahawa ulikuwa mpya, mtaani kwake Ilemela, juu kwenye mawe, na chini ziwa lilionekana katikati ya mapaa ya mabati. Jua lilikuwa bado halijazama. Aliniambia wanapika chakula cha Kihispania kinachoitwa tapas: kila mtu haagizi sahani yake, vinaletwa visahani vidogo vidogo mnakula pamoja. Nikajiambia, amechagua mahali ambapo lazima tule chombo kimoja. Leo ataniomba radhi.

Kikaja kisahani cha zeituni. Chumvi tupu. Yakaja mayai na viazi, yamekatwa pembetatu, yamepoa.

"Hii si chipsi mayai?" nikamuuliza.

Akacheka. Mimi sikucheka. Halafu wakaleta dagaa wa kukaanga, wachache, wamepangwa kwenye kisosa kama mapambo, na kipande cha limau juu. Mwanza hii hii, dagaa wa kuhesabu! Nilikula wawili, nikaacha mikono mapajani.

Yeye alikuwa anaongea. Bosi wake mpya, vigae vya nyumba anayojenga, shule ya watoto. Kila alipotulia kidogo nilijua sasa analisema, nami nilikuwa nimeshaandaa jibu, kwamba yamekwisha. Halafu anaanza habari nyingine.

"Umepungua, mama mapacha," akasema, akinitazama mabega. "Umependeza kweli."

"Nimepungua kwa msiba," nikasema. "Ambao hukuja."

Akaweka uma chini. Meza ya jirani walikuwa wanapigana picha.

"Nilituma ujumbe."

"Niliuona."

"Tulikuwa na wageni kazini, kutoka makao makuu. Ungejua wiki ile ilivyokuwa..."

"Siku zote nne za msiba?"

Mhudumu akafika na vipande vya nyama kwenye vijiti, akataka kutueleza viungo vyake. Tulimsikiliza hadi mwisho, wote wawili tukiangalia nyama. Alipoondoka, rafiki yangu hakunitazama usoni.

"Baba yangu alipofariki ulikaa muda gani?" akauliza.

Nikasema nilikuja. Hilo nilikuwa na uhakika nalo.

"Ulikuja na magauni ya harusi kwenye gari, unayapeleka kwa wenyewe. Uliniacha nimekaa kwenye mkeka, jeneza liko mbele yetu, nawe unaangalia saa. Nilikuona. Hata makaburini hukufika."

Magauni niliyakumbuka. Yalikuwa ya rangi ya zambarau, ya wasimamizi, na bibi harusi alikuwa akinipigia simu kila baada ya dakika chache. Miaka yote ile nilikuwa najisifu moyoni kwamba, pamoja na kazi ile, nilijitahidi nikafika.

"Kwa hiyo ulikuwa unanilipiza," nikasema. "Kwa mama yangu? Aliyekukanda?"

"Usiseme hivyo." Sauti yake ilipanda, na wale wa picha wakageuka. "Nilivaa kanga. Nikakaa kitandani nikiwa na mkoba mkononi. Nikajisemea nitatoka sasa hivi. Sikutoka. Kesho yake ndiyo ikawa vigumu zaidi."

Nilitaka aseme nisamehe. Neno moja tu. Na naamini yeye pia alikuwa analisubiri kutoka kwangu, kwa sababu alinikazia macho. Hakuna aliyelisema. Nyama ikapoa na mafuta yakaganda. Alipoomba wamfungie iliyobaki, mhudumu akauliza mifuko iwe miwili, tukajibu kwa pamoja kwamba mmoja unatosha.

Alisema atanirudisha kwa gari lake. Nikakataa, nikateremka kilima kwa miguu hadi barabarani, magoti yakiniuma kwenye ngazi zile za mawe.

Wiki tatu baadaye kaka yangu alinipigia simu kutoka kijijini. Rafiki yako yule wa mjini amekuja, akasema. Amekaa kaburini peke yake karibu saa nzima, ameng'oa majani, kisha ameondoka bila hata kuingia ndani kutusalimia.

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nilikasirika upya, kwamba alikwenda bila mimi, kwamba alichoninyima usoni alikwenda kukitoa mahali nisipokuwepo. Mume wangu alisema nimpigie. Nilishika simu, nikaiweka.

Siku hizi tukikutana sokoni tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Hajaniambia kwamba alikwenda kule, nami sijamwambia kwamba najua. Na kuhusu baba yake, bado sijapata namna ya kuanza.