Kijaluba cha Muhuri

Rahila alimshuku kila mtu, na Mahfoudha alimshuku mara mbili. Usimlaumu sana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Rahila alitoka Unguja mwaka sitini na nne bila nyumba wala mume, na binti yake Nasriya akabaki kule. Alichookoa ni hati ya babu yake, ya kuonyesha kwamba wao ni watu wa Maskati. Muhuri wake wa nta nyekundu ulining'inia kwa uzi chini ya hati, umefungiwa ndani ya kijaluba cha bati, usije ukavunjika.

Mahfoudha, binti ami yake na mjane wa kakake, ndiye aliyempokea Matrah, bandarini kwa Maskati. Akimuuliza tu, "Wifi, hicho kijaluba mbona hakitui?" Rahila hukihamisha, pamoja na hati yake. Kilitoka chini ya godoro kikaenda kwenye fuko la tende, mwisho kikaingia tunduni, ukutani nyuma ya tanuri la mkate. Mwizi gani atatia mkono pale? Kiangazi kizima kikakaa humo, na kila asubuhi Mahfoudha akiwasha tanuri amchomee mkate.

Mwaka sabini watu wakaanza kuruhusiwa kuwaleta jamaa zao kutoka Unguja, mradi wathibitishe asili yao. Rahila akaenda tunduni, akakikuta kijaluba kimelala upande.

"Umekifungua!"

"Mie? Nna kazi gani na kijaluba chako, wifi?"

"Mwizi hakiri!"

Mahfoudha alirudi kukanda unga.

Ofisini karani alisoma hati, akafungua kifuniko cha kijaluba. Ndani mlikuwa na donge jekundu, laini, halina nembo wala herufi. Muhuri ulikuwa umeyeyuka zamani.

"Mama, hii ni nta tu," akasema. "Yupo mtu wa ukoo wenu anayekujua, aje atamke?"

Yupo. Mmoja tu. Rahila aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Alimkuta Mahfoudha palepale, mikono imejaa unga. Akamweleza yote, ya tundu na ya tanuri. "Nisamehe, wifi. Bila ya wewe Nasriya haji."

Mahfoudha alinawa taratibu, akachukua baibui lake ukutani.

"Twende, hawajafunga. Babako namjua, na babu yetu ni mmoja, ntaapa." Akasimama mlangoni. "Wewe ndo miaka sita nakulisha, na bado sikujui."